UCHAMBUZI: Bando halimzuii tena mtoto, mipaka ya kompyuta yamwangukia mzazi

KILA shule zinapofungwa, iwe ni Aprili, Agosti au Novemba, mjadala mmoja hurejea majumbani na katika vikao vya wazazi: mtoto aruhusiwe kukaa mbele ya kompyuta kwa muda gani?

Wapo wanaotaja saa moja kwa siku, wapo wanaotaja mbili. Wengine huapa kwamba katika nyumba zao kifaa hicho hakiguswi hadi Jumamosi. Wengine tena wamekwisha kunyoosha mikono, wakidai kwamba huo ndio ulimwengu wa leo na maji yakimwagika hayazoleki.

Hesabu hiyo ya saa ina umuhimu wake. Hata hivyo, inaliacha kando jambo moja ambalo wengi wetu hatukuliona likitokea. Kwa miaka mingi, aliyekuwa akiwawekea watoto wa Kenya mipaka ya kutumia kompyuta hakuwa mzazi wala mwalimu. Ilikuwa ni bei ya intaneti. Mlinzi huyo sasa ameondoka katika nyumba nyingi za mijini, na hakuna aliyekubali waziwazi kushika zamu yake.

Itakumbukwa kwamba hadi mwaka 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti. Huduma ilikuwa ghali na mwendo wake ulikuwa wa kobe. Kompyuta ya nyumbani (tarakilishi, kama tulivyozoea kuiita katika magazeti ya Kiswahili, ingawa wasomaji waliendelea kusema kompyuta bila kutujali) ilikuwa mali ya watu wachache. Mtoto aliyetaka kucheza au kutafuta jambo alikwenda saiba, ambako dakika zilihesabiwa na kulipiwa moja baada ya nyingine. Sarafu zilipomwishia mfukoni, aliinuka na kumpisha mwenzake.

Mwaka huo wa 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa kupitia chini ya bahari. Kasi ilipanda na bei ikaanza kushuka. Lakini kwa miaka kadhaa baadaye, familia ya kawaida iliendelea kununua intaneti kwa vipimo vya bando. Bando lilipokwisha, mchezo nao ulikwisha. Hapakuwa na mabishano kwa sababu mtoto hakuwa na wa kubishana naye. Mama hakuonekana mkatili. Kampuni ya simu ndiyo iliyokata.

Leo mambo ni tofauti katika mitaa mingi ya Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru na Eldoret. Waya wa faiba umepandishwa hadi vyumba vya ghorofa ya juu kabisa, na malipo ni ya mwezi mzima. Mtoto akitumia intaneti hiyo kwa dakika kumi au kwa saa kumi, ankara haibadiliki. Isitoshe, malipo ya aina hii humshawishi mzazi alegeze kamba, kwani pesa zimekwisha kutoka na ni afadhali zitumike.

Kuna atakayesema kwamba haya ni matatizo ya wenye nacho. Takwimu zinampa haki kwa kiasi fulani. Sensa ya 2019 ilibaini kwamba ni asilimia 8.8 pekee ya familia nchini zilizokuwa na kompyuta ya mezani, kipakatalishi au tabuleti. Kwa maneno mengine, familia tisa kati ya kumi hazikuwa na kifaa cha kugombania.

Lakini hesabu hiyo haijumuishi simu. Utafiti wa UNICEF, ECPAT na INTERPOL uliotolewa 2021 ulionyesha kwamba asilimia 67 ya watoto wa Kenya wenye umri wa kati ya miaka 12 na 17 walikuwa wakitumia intaneti, wengi wao kupitia simu. Kwa mtoto wa Kayole au Kisauni, simu ya mama ndiyo kompyuta. Huko bando bado lina nguvu, ila nguvu zenyewe zinapungua. Mchezo ukishapakuliwa hauhitaji tena intaneti, na video hurushwa kutoka simu moja hadi nyingine bila kulipia chochote.

Mpaka wa pili uliobomoka ni ule uliotenganisha kazi ya shule na burudani.

Shule zote nchini zilifungwa Machi 2020 kufuatia mkurupuko wa virusi vya corona. Baadhi ya wanafunzi walirejea Oktoba mwaka huo, na wengine wote Januari 2021. Katika kipindi hicho, wavyele waliokuwa wakiwakataza watoto wao kugusa kompyuta walijikuta wakikopa ili wanunue moja. Shule zile zile zilizokuwa zikionya dhidi ya skrini zilituma masomo kupitia skrini. Sisemi kwamba zilikosea, maana hapakuwa na njia nyingine. Ninalosema ni kwamba ile sababu ya mzazi ya kusema “zima” ilinyang’anywa uzito wake, na haijapata kurejeshewa.

Mfumo mpya wa elimu umeendeleza hali hiyo. Ujuzi wa dijitali ni mojawapo ya stadi saba za kimsingi katika mtaala wa umilisi. Mwanafunzi hupewa kazi inayomtaka atafute picha, atazame video au aandae ripoti. Mzazi akiingia chumbani na kumuuliza anafanya nini, jibu ni moja: kazi ya shule. Na mara nyingi ni kweli. Kazi ya shule imefunguliwa katika dirisha moja, mpira wa kompyuta katika dirisha la pili, na mazungumzo na marafiki katika la tatu. Mzazi aliyetangaza saa moja kwa siku sharti sasa aamue ni dakika zipi atakazozihesabu. Programu za kupima muda hazimfai sana hapa, kwa kuwa zinajua mashine imewashwa kwa muda gani lakini hazijui mtoto alikuwa akiwaza nini.

Wataalamu wanasemaje? Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo Aprili 2019 kuhusu watoto wa chini ya miaka mitano. Lilipendekeza kwamba mtoto asiyefikisha mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wale wa miaka miwili hadi minne wasizidishe saa moja kwa siku. Kwa umri huo ushauri uko wazi, na mzazi anayempa mtoto wa miezi kumi simu ili anyamaze anapolishwa uji hana pa kujifichia.

Utata huanza kwa watoto wakubwa. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilikuwa kikitaja kiwango cha saa mbili kwa siku, lakini 2016 kiliachana na kiwango kimoja kwa watoto wa shule. Badala yake kiliwataka wazazi waweke mipaka thabiti na kuhakikisha kwamba skrini haili muda wa kulala, wa kufanya mazoezi ya mwili na wa kuwa na familia.

Miongoni mwa wasomi, mzozo ungali mkali. Mwaka 2019 Amy Orben na Andrew Przybylski wa Chuo Kikuu cha Oxford walichanganua takwimu za vijana zaidi ya 350,000 na kupata kwamba matumizi ya vifaa vya dijitali yalieleza asilimia 0.4 tu ya tofauti katika hali yao ya nafsi. Walilinganisha uzito huo na ule wa kula viazi mara kwa mara. Kwa upande mwingine, Jonathan Haidt wa Marekani alichapisha kitabu 2024 akidai kwamba simu na mitandao ya kijamii imevuruga akili za kizazi kizima. Kila upande una wafuasi wake, na mzazi anayesubiri wakubaliane atasubiri hadi mwanawe aoe.

Mintarafu ya Kenya, mzozo huo haunishughulishi sana. Lipo jambo ambalo halihitaji takwimu za Oxford wala za New York, nalo ni usingizi.

Mtoto wa kati ya miaka 6 na 12 anahitaji kulala kwa saa 9 hadi 12 kila siku. Hicho ni kiwango kilichotolewa na wataalamu wa usingizi Marekani, na sijasikia daktari wa hapa nchini akikipinga. Sasa tufanye hesabu ya Kinairobi. Mtoto anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri ili awahi basi la shule, sharti awe amelala kufikia saa mbili usiku ili apate saa 9, ambacho ndicho kiwango cha chini kabisa.

Saa mbili usiku, mzazi anayefanya kazi Industrial Area na kuishi Kitengela au Ruiru huenda bado yumo kwenye matatu. Anafika, wanakula, kazi ya shule inakaguliwa, kisha mtoto anaomba dakika kumi za kompyuta kwa sababu “amekuwa mzuri”. Dakika hizo kumi zikizaa arobaini, usingizi umepunguzwa, naye kesho ataamshwa saa ile ile. Nusu saa ya kucheza saa kumi jioni haina ubaya huo. Kwa hivyo swali la ni saa ngapi kwa siku lina umuhimu mdogo kuliko swali la ni saa ngapi za usiku.

Hapa lawama si ya kompyuta peke yake. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinaagiza shule za kutwa zisiwalazimishe wanafunzi kufika kabla ya saa moja na robo asubuhi. Mabasi yanayozunguka mitaani giza likiwa bado halijapambazuka ni ushahidi kwamba agizo hilo linapuuzwa, na wazazi wenyewe ndio wanaoshangilia wakidhani kuamka mapema ni bidii. Mtoto anaibiwa usingizi ncha zote mbili za usiku, kisha kompyuta inabebeshwa kosa lote.

Jambo la pili lisilobishaniwa ni mahali. Utafiti huo wa 2021 nilioutaja ulibaini kwamba baadhi ya watoto wa Kenya walikuwa wameahidiwa pesa au zawadi na watu wa mtandaoni ili watume picha za uchi. Mambo kama hayo hayahitaji saa nyingi. Dakika ishirini nyuma ya mlango uliofungwa zinatosha. Mtoto anayetumia kompyuta kwa saa mbili sebuleni, watu wakipita nyuma yake wakielekea jikoni, yu salama kuliko yule anayepewa nusu saa chumbani peke yake. Mzazi anayejivunia kwamba amempimia mwanawe dakika thelathini, huku kifaa kikilala chini ya mto, amefunga dirisha akaacha mlango wazi.

Serikali za mataifa mengine zimejaribu kuingia kati. Korea Kusini ilipitisha sheria 2011 ya kuwazuia watoto wa chini ya miaka 16 kucheza michezo ya kompyuta mtandaoni kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Watoto walitumia vitambulisho vya wazazi wao, kisha wakahamia kwenye simu ambazo sheria hiyo haikuzigusa. Ilifutwa na kukoma kutumika mwanzoni mwa 2022.

China imekwenda mbali zaidi. Mnamo Agosti 2021 iliagiza kampuni za michezo ya mtandaoni ziwaruhusu watoto wa chini ya miaka 18 kucheza kwa saa moja tu, kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Huko pia akaunti za watu wazima zimekuwa kichaka cha kujificha, hadi kampuni zikalazimika kukagua nyuso za wachezaji. Nayo Australia ilianza Desemba 10, 2025 kutekeleza sheria inayozitaka kampuni za mitandao ya kijamii kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti.

Sioni Kenya ikiiga China, wala sitamani iige. Serikali inayoweza kukagua uso wa mtoto ili ajue kama anacheza, inaweza pia kuukagua wa baba yake ili ijue anasoma nini. Hapa nchini, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahitaji idhini ya mzazi kabla ya data za mtoto kutumiwa, na Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa mwongozo 2025 kwa kampuni kuhusu usalama wa watoto mtandaoni. Hatua hizo zinafaa. Lakini zote zinaihusu kampuni. Hakuna hata moja inayofika sebuleni saa mbili usiku.

Ndipo tunapomrudia mzazi, na papo hapo tunakutana na kichekesho. Katika familia nyingi, fundi wa kompyuta ni mtoto mwenyewe. Ndiye aliyeunganisha waifai, ndiye anayekumbuka nywila, ndiye anayeitwa simu ya baba inapogoma. Kumwekea programu ya kumdhibiti ni kama kumkabidhi mfungwa funguo za gereza umwombe ajifungie. Programu hizo zipo, za bure na za kulipia, na kwa watoto wadogo zinasaidia. Kwa kijana wa miaka 14 zinampa tu fumbo jingine la kufumbua. Kifaa cha waifai kinachozimwa ukutani na mtu mzima saa fulani ya usiku, bila programu yoyote, hakina fumbo.

Kuna mtu mwingine ambaye mjadala huu humsahau, naye ni yaya. Kuanzia saa tisa alasiri hadi wazazi warejee, yeye ndiye serikali ya nyumba. Ameagizwa ahakikishe watoto hawaketi kwenye kompyuta, lakini hakupewa uwezo wowote. Akimzima kijana, jioni kijana anashtaki, na mara nyingi mashtaka yanapokelewa. Akimwacha, analaumiwa kwa uzembe. Isitoshe, ana nguo za kufua na chakula cha kupika, na watoto walionyamazishwa na skrini hawamsumbui. Mzazi asiyemwambia mtoto, yaya akiwapo na akisikia, kwamba neno lake ni neno la mama, asitarajie amri yake itatimizwa.

Wanafunzi wa shule za bweni nao wana maisha ya ajabu. Kwa muhula mzima wanakatazwa kuwa na simu. Halafu geti linafunguliwa, na kwa wiki kadhaa wanaachiwa kila kitu kwa sababu “wamechoka na wamekonda”. Katika mpango huo hakuna mahali ambapo kijana anafundishwa kujizuia. Anafundishwa kufunga, kisha kufuturu. Akifika chuoni, ambako hakuna mwalimu wa zamu wala mama, ndipo tunapoona kama alijifunza lolote.

Lakini hata mzazi aliyezima kifaa kwa wakati, aliyekiweka sebuleni na kumpa yaya mamlaka, bado anakabiliwa na swali ambalo mtoto hulitoa mara moja: basi nifanye nini?

WHO inapendekeza kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau dakika 60 za mazoezi ya mwili kila siku. Kijijini, hilo si tatizo. Mtoto anatumwa mtoni au anafukuza mbuzi. Katika ghorofa la tano la mtaa usio na hatua tano za nyasi, ngazi zina giza, chini ni maegesho ya magari na nje ya lango ni barabara ya matatu na bodaboda. Mama anayemfungia mwanawe ndani na kompyuta hajashindwa malezi. Amelinganisha hatari mbili, akachagua ile asiyoiona.

Hali hii haikuletwa na teknolojia. Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang’ata Road jijini Nairobi walitoka kudai uwanja wao wa kuchezea uliokuwa umenyakuliwa na kuzungushiwa ua, nao polisi wakawarushia gesi ya kutoa machozi. Picha zao, wakiwa na sare za shule na macho yaliyofura, zilizunguka dunia nzima. Uwanja huo ulirejeshwa kwa kuwa watu walipiga kelele. Viwanja vingine, ambavyo havikupata kupigwa picha, vimemea majengo.

Katiba ya 2010 iliwapa magavana jukumu la bustani na maeneo ya burudani, pamoja na kupanga matumizi ya ardhi katika kaunti zao. Ramani za magorofa huidhinishwa katika ofisi hizo. Wazazi wanaokutana kila muhula kubishana kuhusu saa moja au mbili za kompyuta hawaonekani katika ofisi hizo wakati ramani zinapopitishwa, wala hawaulizi ni kipande kipi cha ploti kilichotengewa watoto. Vikao vya bajeti za kaunti huwa wazi kwa umma kila mwaka kabla ya Juni kwisha.